Nilivyomsindikiza Mzee Kiti Kurudisha Nishani

Tangu turudi, sijanyoa ndevu kwa amani. Kinyozi wangu hapa mtaani Tena, Nairobi, ananipaka povu shavu moja, kisha anasimama na wembe hewani akitaka nimweleze Australia kulikuwaje. Mwenye duka anataka habari za kangaruu. Mama mboga amesikia kwamba Mzee Kiti alipigana na askari wa uwanja wa ndege, na anataka kujua nani alishinda. Kwa hivyo nimeamua kuandika yote mara moja, kila aliyeuliza asome, halafu nimalize kunyolewa. Habari za viza na tiketi nimeziruka. Zilinichosha mimi, zisiwachoshe na nyinyi.

Kwa asiyemjua, Mzee Kiti ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Ndanu. Jina lake ni Keith, lakini Tena ililigeuza zamani. Mlinzi wetu wa kwanza getini aliwahi kumuuliza Ndanu nani yuko nyumbani, akajibiwa, "Kiti." Mlinzi akasema, "Mama, viti najua viko. Nauliza mtu." Basi likabaki hivyo.

Ni Mwaustralia. Alikuja huku akiwa kijana kuchimba visima Ukambani, akampata Ndanu aliyekuwa karani katika ofisi ya maji, na tangu hapo alirudi kwao mara moja tu, kumzika mama yake. Sasa amepita miaka sabini na kitu. Anatengeneza pampu za majirani kuanzia Tena hadi mtaa wa Fedha, anaongea Kikamba cha marehemu mama mkwe wake, na vijana wakimwambia "niaje" anajibu "poa" bila kuinua kichwa.

Mwaka huu simu ililia. Alikuwa Jeni, binti wa rafiki yake wa zamani aitwaye Dasi. (Majina yao naandika ninavyoyatamka.) Jeni alisema baba yake ni mgonjwa, na mji wao mdogo umekarabati ukumbi wenye majina ya askari wake. Wanataka mtu wao pekee aliyepewa nishani ya ushujaa aje asimame pale.

Nikauliza, "Nani huyo?"

Ndanu akafungua kopo lake la vifungo, akapekua, akatoa kitu cha shaba chenye utepe. Kwa miaka yote hiyo nishani ya vita ilikuwa inalala na vifungo vya sketi za shule.

"Shemeji," nikamwambia Mzee, "kumbe wewe ni shujaa?"

"Niliandikiwa kwa makosa," akasema. "Mwenyewe ni Dasi. Yeye ndiye alinibeba kule Vietnam. Lakini kila nikimwandikia aichukue, anajibu kwamba mimi ndiye nilimbeba yeye. Tumebishana kwa barua miaka zaidi ya hamsini. Sasa nitaenda nimpe mkononi."

Ndanu alinivuta jikoni. "Mutinda, enda naye. Mtu akizeeka anakumbuka kwao. Jeni ameshamtengenezea chumba, amesema akae anavyotaka." Alikunja kitambaa cha vyombo mara tatu. "Nirudishie mume wangu."

Mimi ni dereva mstaafu wa lori. Nimerudisha mizigo mingi salama, lakini huu ndio ulinitia wasiwasi.

Tena hadi uwanja wa ndege, kupitia pampu ya Fedha

Kutoka Tena hadi uwanja wa ndege si mbali. Ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika safari hii, na tulikaribia kushindwa nayo.

Tukiwa njiani, mama mmoja wa Fedha alimpigia Mzee kwamba pampu yake inanguruma bila kutoa maji. Mzee akamwambia dereva wa teksi akate kona. Nikakataa. Akaniambia, "Dakika tano tu, shem." Nyote mnajua dakika tano za fundi. Nilisimama kando ya tangi nikiwa na suti, nikishika spana, huku mama akituletea chai na mandazi kama watu waliokuja kukaa. Bomba likafyatuka, maji yakamlowesha Mzee kuanzia kifuani hadi kwenye soksi. Pampu ikawaka. Ilikuwa inavuja kidogo, akaahidi kuimaliza akirudi. Nililishika hilo neno, akirudi, nikaliweka akilini.

Uwanjani alifika akidondosha maji. Akipita kwenye mlango wa ukaguzi, mlango unalia. Akavua mkanda, ukalia. Akavua viatu, vikatoka na maji, ukalia tena. Mwishowe akatoa nishani mfukoni mwa shati.

Askari akaipindua. "Mzee, hii umetoa wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Malkia."

Askari akamtazama, akaitazama suruali iliyolowa, kisha akanigeukia mimi kwa sauti ya chini. "Huyu mzee yuko sawa?"

"Yuko sawa," nikasema. "Ametoka tu kutengeneza pampu."

Haikusaidia. Waliitwa wakubwa wawili, mmoja akidhani tunatorosha vitu vya makumbusho. Mzee akawasimulia kwa Kiswahili, akachanganya na Kikamba, na mkubwa wa pili akawa ni mtu wa Mwingi, kule Ukambani. Wakaishia kuongea visima. Ndivyo vita vyenyewe hivyo, mama mboga. Hakuna aliyeshinda, ila tulipita wa mwisho kabisa.

Ghuba, ambako Kiti alikaa kwenye kiti

Tulibadilisha ndege katika nchi moja ya Ghuba, na ukungu ukatuzuia hapo karibu siku nzima. Mzee aliombewa kiti cha magurudumu. Aliyekuja kumsukuma alikuwa dada mmoja mwembamba, akasoma karatasi yake na kumwita kwa Kiingereza cha heshima. Mzee akamnong'oneza shemejiye, yaani mimi, kwa Kiswahili: "Mwambie naweza kutembea, asinifanye gunia."

Dada akasimama. "Mnatoka wapi nyinyi?"

"Tena," Mzee akasema.

"Tena ya Umoja? Mimi ni wa Kwa Njenga." Akaweka mkono kifuani. "Jameni. Mzungu wa Tena."

Aliitwa Wanjiru, na huko kwao ni mtaa wa mabanda jirani na kwetu. Baba yake alifanya kazi za kiwandani Industrial Area, akienda na kurudi kwa miguu. Hakutuomba tumpelekee mtu chochote wala salamu. Alitaka tu kusikia. Je, ile barabara bado ina matope? Bado watu wanauza mutura, ile soseji ya matumbo, pale kona? Mzee alimjibu kila swali kwa makini kama shahidi mahakamani. Zamu yake ilipoisha alirudi na chapati alizopika mwenyewe, tukala mimi naye tukiwa sakafuni karibu na dirisha, Mzee akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu na sahani magotini kama chifu.

"Na unaenda kwenu kufanya nini, guka?" Wanjiru akamuuliza, yaani babu kwa lugha yao.

"Kwetu ni Tena," Mzee akasema. "Huku naenda kurudisha kitu cha mwenyewe."

Nilifurahi kusikia hivyo. Lakini baadaye ndege iliposhuka Perth na mlango ukafunguliwa, alivuta hewa ndefu puani, akafumba macho. "Unasikia harufu hiyo?" akaniuliza. "Ni mikaratusi." Furaha yangu ikapungua.

Perth, na muthokoi kizuizini

Nawaonya mnaotaka kwenda: Australia hawaogopi bunduki kama wanavyoogopa mahindi. Kuna karatasi inayouliza kama umebeba nafaka, nyama, mbao au udongo. Mimi, kwa woga wa miaka ya vizuizi vya barabarani, nilijibu ndiyo kila mahali. Mzee alijibu hapana kila mahali, kwa sababu hakujua Ndanu alikuwa amemfungia nini.

Mbwa mdogo akaja, akakaa mbele ya begi lake, akamtazama kama anayemdai.

Ilitoka kilo mbili za muthokoi, mahindi yetu Wakamba ya kukobolewa. Ikatoka nyama iliyokaushwa. Ikatoka fimbo ya kutembelea ambayo binamu yangu wa Wamunyu alimchongea Dasi, yenye kichwa cha twiga. Ofisa, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliitazama fimbo kwa lenzi, akaona kitundu, akasema kuna mdudu ndani.

"Alikuwa mdudu mzuri," Mzee akamwambia. "Amekuja safari yote bila kusumbua."

Nyama ilitupwa. Fimbo ikapelekwa kugandishwa kwenye baridi hadi mdudu afe, tukaambiwa tutaletewa. Muthokoi ndio ulimuuma. Alimsihi yule mama asiutupe, aupike, akamweleza uchemshe muda gani na maharagwe uweke lini. Yule mama aliandika yote kwenye daftari lake la kazi, neno kwa neno, kisha akautupa. Akamrudishia pasipoti. "Karibu nyumbani, Keith."

Mzee akaitia mfukoni. Na mimi sikulipenda kabisa hilo neno, nyumbani.

Barabara isiyo na watu

Jeni alitupokea, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mchangamfu, mikono ya mkulima. Tuliendesha saa nyingi kuingia bara. Nimeendesha lori Mombasa, Malaba na hadi Juba, lakini sijaona barabara kama ile. Imenyooka kama kamba ya fundi mwashi, kulia ngano, kushoto ngano, na hakuna hata mtu mmoja anayeuza vitunguu. Nilimuuliza Jeni watu wako wapi. Akafikiri, akasema, "Perth."

Tulisimama mahali pa mafuta. Kijana wa kaunta akaniambia maneno ambayo kwa Kiingereza changu yalikuwa, "Unaendaje?"

"Kwa gari," nikamwambia. "La Jeni, lile jeupe."

Akanikodolea macho. Nikadhani hakusikia, nikaongeza, "Tunaendelea moja kwa moja." Mzee nyuma yangu alishika rafu asianguke kwa kucheka. Kumbe kule ndiyo salamu. Ni kama mtu akuambie "mambo" nawe uanze kumpa orodha.

Chakula chao cha njiani ni andazi kubwa lenye nyama ya kusaga ndani, la moto kiasi kwamba la kwanza nililila kwa kutoa hewa tu. Kangaruu nilimwona, mwenye duka. Alikuwa amekaa kando ya barabara akijikuna tumbo, kama mtu asiye na haraka ya kodi.

Karibu na mjini Mzee aliegemea dirisha. Nilimwona akihesabu miti.

Nyumbani kwa Dasi

Dasi alikuwa barazani, mzee mrefu aliyebaki mifupa na macho, mrija wa hewa puani. Nilitegemea wakumbatiane. Dasi akasema, "Umechelewa." Mzee akaitoa nishani, akaiweka kwenye meza mbele yake.

"Chukua mali yako."

Dasi akaisukuma kwa kidole. "Yako. Ulinibeba."

"Wewe ulinibeba." Akairudisha.

Waliisukuma hivyo hadi chai ikapoa, kama watu wanaocheza bao kwa kete moja. Mwishowe wakaniita mimi niamue, kwa kuwa ni mgeni na nimebeba mizigo maisha yangu yote. Nikasema sina ushahidi.

"Basi tutaufanya," Dasi akasema. Akachomoa mrija puani, akashuka uani. "Nibebe. Kama uliweza wakati ule, mwili utakumbuka."

Naapa niliwakataza. Mzee akageuka, akainama, Dasi akampanda mgongoni. Walipiga hatua moja. Ya pili ilikuwa ya kwenda chini, na wote wawili wakalala ndani ya maua ya Jeni, Dasi juu, Mzee chini. Jeni alitoka mbio. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo, machozi yananitoka kwa kucheka, na hao wawili nao wanacheka kwa kukohoa.

Kisha Dasi, akiwa bado amelala juu yake, akasema, "Kolini angeona hivi."

Kicheko kikakatika pale pale. Niliwainua mmoja mmoja. Dasi akarudisha mrija puani.

"Kolini ni nani?" nilimuuliza Jeni tukiosha vyombo.

"Jina lake liko ukumbini, kwa waliokufa," akasema. "Baba hamtaji kamwe."

Ukumbini, na sahani mbili tupu

Sherehe ilikuwa mchana uliofuata. Jeni aliniambia, "Mje na sahani." Nikaosha sahani mbili, moja yangu na moja ya Mzee, nikazifunga kwa gazeti. Ukumbini nikaona kila mtu amekuja na keki, saladi, kuku. Kumbe kuja na sahani ni kuja na chakula juu yake. Mama mmoja mzee sana aliyekuwa akimimina chai alinipokea zile sahani tupu, akaziangalia mbele na nyuma. "Ladha yake?" akauliza. Kisha akazijaza zote mbili, akanikalisha karibu naye. Aliitwa Meli. Nilimpenda papo hapo.

Mwenyekiti alisoma karatasi ya nishani. Jinsi kikosi kilivyokanyaga mabomu ya kutegwa msituni, risasi zikaanza, na askari Keith, akiwa amejeruhiwa miguu, akambeba mwenzake Dasi hadi mahali salama. Watu wakapiga makofi. Mzee akasimama. Nilidhani ataanza ule ubishi wake.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini si kweli. Na Dasi hakunibeba mimi pia. Tulibebwa wote wawili na Kolini."

Mwenyekiti akaishusha karatasi.

"Kolini alikuwa mpishi. Siku ile alichukua nafasi ya askari aliyekuwa na homa. Alinibeba hatua ishirini, akaniweka chini, akarudi kumchukua Dasi. Akamweka, akanichukua mimi."

Nilipomsikia niliwaona akilini akina mama wa Kwa Njenga wenye mitungi miwili ya maji na nguvu za kubeba mmoja, wanavyosogeza huu, kisha ule.

"Akatufikisha ukingoni mwa msitu, akatulaza kwenye mtaro, Dasi juu yangu, risasi zisitupate. Akarudi kumtafuta wa tatu. Hakutoka. Waliotukuta waliona Dasi yuko juu yangu, wakaandika kwamba nilimbeba. Hospitalini nilimwambia ofisa ukweli. Akasema karatasi imeshakwenda, na mpishi aliyekufa hana haja ya nishani. Nilisema mara hiyo moja tu. Halafu nikanyamaza, nikaipokea."

Alishika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Niliporudi hapa watu walininunulia bia. Siku moja dukani mama yake Kolini alinikumbatia, akanishukuru kwa kumrudisha angalau mtoto mmoja wa mji huu. Baada ya hapo sikuweza kununua mkate katika duka lile. Nikatafuta kazi mbali, na mbali zaidi niliyoipata ilikuwa Kenya. Mimi na Dasi tukabaki tunabishana kuhusu sisi wawili, tusije tukamtaja yeye."

Dasi alikuwa ameinamisha kichwa. Nami nilikuwa na kipande cha keki mdomoni, sikuweza kukimeza.

Aliyesimama alikuwa Meli, na birika la chai bado mkononi. Alikuwa dada yake Kolini.

"Keti, Keith," akasema. "Dasi aliniambia siku tuliyomzika mama. Nikamkataza kukuambia kwamba najua. Nilitaka uje useme mwenyewe." Akaliweka birika chini. "Ningejua utachukua muda wote huu, ningekuandikia."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine, cheko la watu wanaotamani kulia. Mzee alimpelekea nishani. Meli akaisogeza karibu na macho. "Ina uzi wa kushonea."

"Mke wangu huiweka na vifungo."

"Mahali pazuri," Meli akasema, akaibandika kwenye sweta yake, ikaning'inia upande. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa linanikosesha raha tangu Tena. "Sasa utabaki?"

Mzee alimtazama Jeni, akamtazama Dasi. "Nitakaa wiki mbili, nimsumbue huyu. Halafu kuna mama mmoja Fedha, pampu yake nimeiacha inavuja."

Nilimeza keki.

Kurudi

Njia ya kurudi haina la kusimulia. Hakuna kilicholia, hakuna kilichovuja, na mbwa hakututaka. Dasi alikuwa hai tulipoondoka, akitembea na fimbo ya twiga iliyotoka kugandishwa, akidai kwamba mdudu bado yuko ndani kwa sababu humsikia.

Jumapili ya kwanza kanisani, mchungaji aliwaomba waliotoka safari wasimame washukuru. Mimi nilishasimama na hotuba yangu tayari. Mzee Kiti, ambaye kwa miaka yote hiyo huketi kiti cha nyuma karibu na mlango, akasimama pia. Akasema, kwa Kikamba, kwamba anataka kuwaambia habari za kijana mmoja mpishi. Akawaambia yote. Ndanu alikuwa ameshika mkono wake, akiutazama kama anauona upya.

Alipomaliza, mama mmoja mzee wa Machakos aliyekaa mbele akageuka. Katika ibada yetu watu hawaulizi maswali, lakini yeye akauliza.

"Huyo kijana, alikuwa anapika nini?"

Mzee alifikiri. Nikaona uso wake unafunguka polepole, kama wa kijana wa miaka ishirini.

"Wali," akasema. "Alikuwa anauunguza kila siku, mama. Kila siku. Tukila tukilalamika, na yeye anatucheka."

Akaendelea kuwasimulia wali ule hadi mchungaji akaketi.